Taa ya Kuchagulia Kunde

Mama Gofaone alifungua mkoba wake katikati ya duka la taa, akatoa kifuko cha nailoni na kumimina kunde juu ya kaunta ya kioo.

"Mwanangu," alimwambia binti wa duka, "niwashie ile ya kwanza."

Binti huyo aliitwa Wame, jina limebandikwa kifuani. Alimtazama mama, akazitazama kunde, kisha akamgeukia mume wa mama huyo kutaka maelezo. Baba Gofaone alikuwa amevaa shati lake jeupe la kwendea mjini, na wateja wawili nyuma yake walikuwa wameacha kutazama bei ili watazame kunde.

"Mama Gofaone, hizo ni nini?"

"Kunde."

"Naona ni kunde. Nauliza zimekuja kufanya nini kwenye duka la watu."

"Nataka kujua ni taa ipi itakayonionyesha mawe."

Kunde zenyewe zilitoka shambani kwao Thamaga. Huko hupigwa zikiwa chini kwenye udongo, kwa hiyo huja mjini na vijiwe vyake, vidogo, vya rangi ileile. Wame alicheka kidogo, si kwa ubaya, akawasha taa ya kwanza, mkanda mwembamba wa manjano uliobandikwa chini ya kabati la maonyesho. Mama Gofaone aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alitoa kijiwe kimoja, akapapasa, akatoa kingine. Ile ya pili ikampa vinne. Ya tatu ilikuwa taa ndefu nyeupe, haina urembo wowote. Ilipowaka alishusha pumzi na vidole vikaanza kukimbia. Vijiwe tisa vilijipanga pembeni ya kioo.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo taa."

"Hiyo?" Baba Gofaone alisogea. "Hiyo si ya bucha? Unataka wageni wadhani tunauza maini?"

"Mzee hajakosea sana," Wame akasema. "Hizi nyeupe wanachukua wenye maduka na zahanati. Nyumbani watu siku hizi wanaweka ya manjano. Phakalane kote ni ya manjano."

Phakalane ndiko wanakokaa wenye nazo. Baba Gofaone alikuwa mtunza stoo wa serikali kwa miaka ishirini na nane, akastaafu na kiinua mgongo kilichogeuka makabati ya jikoni, na neno lile lilimwingia hasa.

"Na wanaopika huko Phakalane ni kina nani?" mkewe akauliza.

Wame alicheka kwa sauti. Wale wateja wawili nao wakacheka. Baba Gofaone ndiye aliyebaki. Alilipa pula mia sita na arobaini kwa mkanda wa manjano. Ile nyeupe ilikuwa pula mia mbili na kumi tu, na urahisi huo ndio uliommaliza kabisa. Kisha akamshika mkewe kiwiko na kumtoa nje, na kunde zikabaki kwenye kaunta.

"Umenitia aibu," alisema walipoketi garini.

"Kwa kunde?"

"Kwa kunde, ndiyo! Umeinama pale kama mtu anayenusa sakafu. Watu wanatutazama. Mkwe wa watu wewe, wiki tatu zijazo tunapokea ujumbe wa posa, na wewe unatembea na kunde kwenye mkoba."

"Hiyo ya manjano sitaona nayo kitu."

"Utazoea."

Hapa ndipo angeweza kumwambia. Barabara ya kurudi Mogoditshane ilikuwa imejaa magari, walikaa bila kusogea kwa muda mrefu, na kauli yenyewe haikuwa ndefu: macho yangu yanakufa. Mama Gofaone aliigeuza mdomoni mpaka wakafika getini, akaimeza.

Alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma nesi wa zahanati alimpima na kumwambia ni presha ya macho, akampa barua ya kwenda hospitali kubwa. Barua hiyo aliilaza chini ya karatasi ya droo ya vijiko. Mama yake mzazi alipofuka kwa ugonjwa huohuo, na Sethunya, maana hilo ndilo jina la kuzaliwa la Mama Gofaone, alishuhudia dada zake wakimpokonya mama yao mwiko na kumkalisha pembeni kwenye mkeka, kwa mapenzi tele, mpaka alipokufa. Hilo lilimtisha. Lakini kubwa zaidi lilikuwa Gofaone, bintiye wa pekee, mwenye miaka thelathini, aliyekwishavunjiwa uchumba mara moja. Wakwe wapya walikuwa wakitoka Serowe. Watu wa posa huulizia: kwenu kuna wazimu, kuna kifafa, kuna upofu? Alitaka binti aolewe kwanza. Baada ya hapo, macho yafanye yatakavyo. Taa nzuri ingemvusha wiki hizo, basi.

Mungu amsamehe Baba Gofaone. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu vitu vionekane.

Fundi umeme alikuja Jumanne, Mzimbabwe mpole aitwaye Tapfuma. Alifungua boksi, akachungulia chini ya makabati ya juu, akagonga kwa kidole.

"Mzee, mkanda huu tuuweke huku mbele, kwenye ukingo. Mwanga utaangukia ubao wa kukatia."

"Weka nyuma, karibu na ukuta."

"Nyuma utamulika vigae tu."

"Ndicho ninachotaka. Vigae vile unajua nimevinunua kwa pula ngapi? Mgeni hatasafiri kutoka Serowe aje kutazama ubao wa kukatia."

Tapfuma alimtazama mwenye jiko. Mama Gofaone alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono iliyokuwa mikavu tayari.

"Mama anasemaje?"

"Mama ameshasema dukani," Baba Gofaone akajibu. "Fundi, unalipwa na nani?"

Fundi akaweka nyuma. Hakubisha tena, kama ambavyo hakubisha mwezi uliopita alipowasaidia maseremala kuziba dirisha la mashariki ili kabati la juu lipate mahali pa kukaa. Zamani jua la asubuhi lilipita pale na kutua juu ya meza ya kukatia. Sasa kulikuwa na mlango wa kabati wenye kishikio cha fedha, na taa ya dari iliyobaki ilikuwa mgongoni mwa mpishi, hivyo kila alipoinama kivuli chake kilitangulia kufika kwenye ubao.

Baba Gofaone alienda kukaa sebuleni, kwenye kochi la wageni, akapaza sauti: "Washa!"

Vigae viling'aa rangi ya asali. Kwa kweli palipendeza. Alihamia kiti cha pili, akatazama tena, akahamia cha tatu.

"Mama Gofaone! Njoo ukae hapa uone jiko lako!"

Alikuja, akakaa, akatazama upande alioelekezwa.

"Panapendeza," alisema.

Ujumbe ulifika alfajiri ya Jumamosi, wiki tatu zilipotimia, kabla jua halijachomoza, kama inavyotakiwa. Walikuwa wamesema watakuja wanane. Wakashuka kumi na wanne kutoka kwenye magari matatu, wamejitanda mablanketi dhidi ya baridi ya Juni, wakasimama nje ya geti wakisubiri kukaribishwa.

Mama Gofaone alihesabu nyayo zikiingia uani. Makande yaliyokuwa jikoni tangu jana yalikuwa ya watu wanane na wa kwao wanne. Kunde zake alizichagua mwenyewe, uani, juani, polepole, kijiwe kwa kijiwe. Sasa ilibidi aongeze sufuria nyingine, na kunde zilikuwa mbichi kwenye gunia. Gofaone hakuruhusiwa kuonekana asubuhi ile, alikuwa amefungiwa chumbani kama desturi ilivyo. Shemeji za Mama Gofaone walikuwa nje wakiponda nyama kwenye chungu. Yeye akawasha taa ya Phakalane, akamwaga kunde kwenye sinia, akaanza kupapasa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mjomba wa mchumba, mzee aliyebakiwa na meno ya kuhesabika, alisema wamekuja kuomba kibuyu cha kuchotea maji, ndivyo mke anavyoombwa, akajibiwa kibuyu kipo na mwenye nacho hakatai. Ng'ombe wakatajwa, wakapunguzwa, wakaongezwa. Saa tatu chakula kikaletwa. Watu wakala, wakasifu nyama, wakasifu vigae. Kisha mjomba akasimamisha taya.

Sauti ya jiwe ilisikika chumba kizima. Mzee alilitoa kwa vidole viwili, akalinyanyua.

"Jamani wakwe," alisema, "haya meno niliyobakiwa nayo niliyaweka akiba kwa ajili ya harusi."

Watu wakacheka, na mambo yangeishia hapo. Lakini mama mwingine naye akatema jiwe lake kwenye kiganja, na kijana wa kando yake la kwake. Baba Gofaone akatua kijiko kwa kishindo.

"Mama Gofaone! Njoo hapa."

Alikuja na jagi la kinywaji cha tangawizi, akasimama mlangoni.

"Nimekujengea jiko jipya. Nimekuwekea taa mpaka chini ya makabati. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na bado hujui kuchagua kunde? Unatulisha kokoto mbele ya wakwe?"

"Nisameheni," alisema. Aliomba radhi akielekea upande ambako hakukuwa na mtu, na wote wakadhani ni aibu.

Shangazi wa mchumba, mwanamke mnene wa makamo aitwaye Tshenolo, hakucheka. Alibeba sahani yake na ya jirani yake, akamfuata jikoni.

"Mkwe, kaa, mgeni haoshi vyombo," Mama Gofaone alisema.

"Mimi nikikaa nasinzia. Nipe kitambaa."

Wakafanya kazi bega kwa bega. Shangazi Tshenolo alifuta vikombe, mwenzake akamimina chai ya pili. Kila alipomimina, aliingiza kidole cha kushoto ndani ya kikombe, kwenye ukingo, akamimina mpaka chai ya moto ikakigusa, ndipo akaacha. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tano. Ncha ya kidole ilikuwa nyekundu na imevimba, ngozi inachubuka.

"Mkwe. Unajiunguza."

"Nimezoea."

Shangazi akaweka kitambaa chini. Aliinua kijiko, akakishika kimya kando ya shavu la mwenzake, upande wa kulia. Mama Gofaone hakugeuka.

"Tangu lini?"

"Tafadhali," Mama Gofaone alisema kwa sauti ya chini, "usiwaambie wenzako. Nakuomba kwa jina la mwanangu. Niadhibuni mimi, yeye hana kosa."

Shangazi alichukua birika mkononi mwa mwenzake, akamimina vikombe vilivyobaki.

Baba Gofaone aliwasindikiza wageni mpaka kwenye magari, kofia mkononi, akiomba radhi ya mawe kwa mara ya sita. Shangazi Tshenolo alimvuta kando, nyuma ya gari la mwisho.

"Mkwe, nikuulize. Wewe jikoni kwako huwa unaingia?"

"Jikoni kuna wenyewe," alicheka.

"Basi leo ingia. Simama pale anaposimama mkeo, uwashe hiyo taa yako, utazame mikono yako. Halafu kitazame kidole chake cha kushoto."

Kicheko kikamkauka. "Ana nini?"

"Mkeo haoni. Anaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Mimi nimesimama naye saa moja tu. Wewe una miaka thelathini na mmoja."

Na Baba Gofaone, ambaye baadaye angetoa chochote kuirudisha kauli hiyo, aliuliza kwanza: "Na ndoa?"

"Ndoa iko palepale. Hatukuja kuoa macho ya mama. Mpeleke hospitali, Baba Gofaone. Hao ng'ombe watasubiri."

Aliingia jikoni na kofia bado mkononi. Mkewe alikuwa ameenda chumbani kwa binti. Akawasha taa, akasimama mbele ya ubao wa kukatia. Ukuta ulikuwa wa dhahabu. Chini, pale mikono inapofanya kazi, palikuwa na kivuli chake mwenyewe. Aliweka kiganja juu ya ubao na hakuweza kuona kucha zake sawasawa, naye macho yake yalikuwa mazima.

Kisha akaanza kuona mengine. Kila kitufe cha jiko la umeme kilikuwa na kipande cha plasta ya kidonda, pale penye sifuri. Kopo la chumvi limefungwa uzi, la sukari halina. Visu vyote vimelazwa makali yakitazama ukuta. Jiko lake zuri, alilolitazama kutoka viti vitatu, lilikuwa limejaa alama za mtu anayetafuta njia, na hakuna hata moja iliyoonekana kutoka sebuleni.

Aligeuka akamkuta mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Mama Gofaone alisema. "Dukani."

Alitaka kusema kwamba kumwaga kunde si kuambia mtu, kwamba mtu husema kwa kinywa. Lakini alikumbuka vile vijiwe tisa vimejipanga kwenye kioo, na yeye akitazama nani anawatazama.

"Nionyeshe kidole," alisema, na alipoonyeshwa akalia, mzee mzima, kofia imeangukia kwenye sinki.

Daktari wa hospitali kubwa aliisoma barua ya droo ya vijiko, akatazama tarehe yake, kisha akawatazama wote wawili. Alisema dawa ya matone itashikilia kilichobaki kwa kadiri itakavyoweza. Kilichokwenda hakirudi. Baba Gofaone aliuliza kama taa mbaya inaweza kuwa ilichangia, daktari akasema hapana, taa haiui jicho. Jibu hilo halikumpunguzia chochote.

Jumatatu yake alirudi dukani. Wame alimtambua kabla hajafika kaunta.

"Mzee wa kunde! Mama yuko wapi?"

"Yupo nyumbani. Nataka ile nyeupe."

"Ya bucha?"

"Ya bucha."

Wame alitoa boksi, kisha akatoa sinia dogo la plastiki chini ya kaunta na kuliweka mbele yake. Kunde zilikuwa mle, na vijiwe vyake, zimeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Hatukuzitupa. Siku hizi kila mama anayekuja kutafuta taa ya jiko tunampa sinia, tunamwambia ajaribu mwenyewe. Bosi amefurahi sana. Mpe mama asante."

"Na wanachukua ipi?"

"Nyeupe," Wame alisema. "Karibu wote. Wale wanaokuja na waume zao ndio wanachukua manjano."

Alilipa pula mia mbili na kumi. Aliomba arudishiwe kunde, Wame akasita kidogo, akampa.

Tapfuma aliiweka taa mbele, kwenye ukingo. Baba Gofaone alitaka pia kabati livunjwe dirisha lifunguliwe, mkewe akakataa: harusi kwanza. Gofaone akaolewa Agosti. Mama alitembea kanisani ameshika mkono wa Shangazi Tshenolo, wakicheka kama wasichana, na watu wakasema wakwe hawa wamependana kweli.

Jumapili moja ya Septemba, baada ya ibada, Mama Gofaone alisema amechoka kupikiwa na mume anayeunguza hata maji. Leo atapika makande mwenyewe, na mtu asiingie jikoni. Baba Gofaone akakaa sebuleni. Kutoka kwenye kochi alimwona chini ya ule mwanga mweupe, sinia mbele yake, kichwa kimeinamishwa upande kama anayesikiliza. Vidole vilikwenda taratibu sana.

"Taa inakutosha?" aliuliza.

"Hii ndiyo taa," alijibu. "Naona zote."

Alipakua. Walikaa wakitazamana mezani, sahani mbili. Baba Gofaone alitia kijiko cha kwanza, kikapita salama. Cha pili, jino lake likakutana na jiwe.

Hakutafuna tena. Alilisukuma polepole kwa ulimi mpaka shavuni, akalituliza pale, akanyanyua kijiko kingine.

"Yameiva?"

"Yameiva vizuri sana," alisema, akiwa amejaza mdomo.

Masikio ya Mama Gofaone hayakuwa yamepungua kitu, siku hizi yalikuwa makali kuliko zamani. Alinyoosha mkono juu ya meza, akapapasa mpaka akaupata ukingo wa sahani ya mumewe, akaigonga mara mbili kwa kidole.

"Liteme, Baba Gofaone," alisema. "Usije ukalimeza."